Boti ya Starehe Katika Josho la Vumbini

Ilikuwepo nchi moja, na ukiona kama unaijua, kaa kimya nayo, maana yenyewe haipendi kujulikana. Ilikuwa na kila kitu nchi ile. Ilikuwa na bendera, na bendi, na magari marefu ya mawaziri, na Mtukufu Mlezi aliyeipenda kama mtu anavyolipenda shamba la kurithi. Kilichokosekana ni maji tu. Bahari haikufika huko, ziwa hawakupewa, na mto wao mmoja ulikuwa mto wakati wa masika, ikifika kiangazi ukawa barabara ya punda.

Basi Mtukufu Mlezi alisafiri. Huko alikokwenda akawakuta wenye nchi yao siku ya mapumziko wamekaa kwenye boti nyeupe, wamevaa miwani nyeusi, hawaendi popote. Akauliza, "Hawa wanavua?" Akaambiwa hapana, wanastarehe. "Wanavuka?" Hapana, wanastarehe tu. Akarudi kwake na huzuni, akasema redioni kwa sauti ya mfiwa: "Wananchi wangu wanapumzika kwa kukaa chini. Ndiyo maana hatuendelei." Kuanzia hapo kila kata iwe na boti ya starehe, na kila kata ijinunulie yenyewe, ili iwe na uchungu nayo.

Wizara ya boti haikuwepo. Mawaziri walikaa wakafikiri mpaka chai yao ikapoa, wakaona boti ina tumbo, ina ubavu, inafungwa kamba kwenye kigingi, na ikizeeka hakuna anayeitaka. Wakaikabidhi Wizara ya Mifugo.

Katika kata ya Vumbini aliishi Bi Minza, mjane, na ng'ombe wake mmoja aitwaye Mabaka. Mabaka alikuwa na mimba kubwa. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa mboga, ndiyo chai, ndiyo madaftari ya wajukuu, na ndama huyo wa tumboni Bi Minza alikwishampangia kazi kabla hajazaliwa. Lakini Vumbini ni nchi ya kupe. Kupe wa kule wanaleta ndigana, na ng'ombe wa ndigana anavimba matezi, anakohoa, anatoa povu puani, kisha anaitwa mwenye kisu. Kinga ni moja, nayo ni josho. Ni shimo refu jembamba la saruji lililojaa maji ya dawa. Ng'ombe anasukumwa mlangoni, anaruka, anazama mpaka pembe, anaogelea, anapanda upande wa pili akitiririka. Kila wiki Bi Minza alimpeleka Mabaka joshoni, na kila wiki alirudi naye akimsema kwa kumrushia dawa kwenye kanga.

Siku moja watu wakaitwa kwenye semina. Mtaalamu alitoka makao makuu, anaitwa Dakta Beneza, tai shingoni, viatu vimechongoka kama vya mtu asiyekanyaga samadi. Alikuwa na mwongozo wa kununua na kutunza boti ya starehe, akausoma wote bila kuinua macho.

"Kanuni ya kwanza," alisema Dakta Beneza. "Nunua boti inayolingana na maji uliyonayo."

"Basi tukanunue kijiko," akasema Bi Minza.

Watu wakacheka. Dakta akasubiri kicheko kiishe, kama mtu anavyosubiri mbuzi avuke barabara.

"Mama, suala la maji liko kwenye awamu ya pili. Sasa hivi tuko kwenye awamu ya boti. Kanuni ya pili: kila chombo kinapotoka majini, kioshwe chote kwa maji safi."

"Ya kunywa?"

"Safi."

"Sisi tunakunywa yenye vyura, bwana mkubwa. Chombo kitatukubalia?"

Aliyemjibu safari hii ni Kasanzu, bwana mifugo wa kata. Kijana wa pale pale, ambaye Bi Minza alimbeba mgongoni utotoni, mama yake alipokuwa anaumwa. Akainuka, akanyoosha shati. "Mama Minza, kaa chini. Usitutie aibu mbele ya mgeni."

"Nimekaa, mwanangu. Aibu imesimama yenyewe."

Boti iliuzwa mnadani, siku ya mnada wa ng'ombe, maana Wizara haikuwa na siku nyingine ya kuuzia kitu. Kila kaya ilitoa mbuzi. Wazee wa kununua walikuwa wale wale wanaonunua madume ya kata, na mkubwa wao ni Mzee Machibya, mwenye kundi kuliko wote, ambaye hajawahi kupunjwa ng'ombe tangu aote ndevu.

Wazee wakaizunguka boti ikiwa juu ya lori. Mzee Machibya akaipiga kofi la ubavuni akasikiliza. Akainama akatazama chini ya tumbo. Akauliza umri, akaambiwa. Akauliza kama imewahi kuugua, dalali akasema haijapiga hata chafya. Akaibonyeza kwa kidole gumba huku na huku, hata akafika mahali karibu na mkia pakabonyea, kidole kikaacha shimo, shimo likarudi polepole.

"Hapa pamenona," akasema Mzee Machibya.

Wazee wengine wakabonyeza mmoja mmoja, kila mmoja akakubali kwamba pamenona. Dakta Beneza naye akaitwa. Kwenye mwongozo wake iliandikwa kwamba boti ikibonyea, mbao zake za ndani zimeoza. Akabonyeza, akamtazama muuzaji, na muuzaji ni mkubwa wake wa kazi.

"Pamenona sana," akasema Dakta.

"Muulize kwa nini anaiuza," Bi Minza akapaza sauti kutoka nyuma. "Si ndiyo kanuni yenu?"

Mkubwa wa Wizara hakukasirika. "Naiuza kwa sababu nimeagizwa. Na nyie mnanunua kwa sababu hiyo hiyo. Biashara safi kuliko hii mmeiona wapi?"

Wakapeana mikono ndani ya mkono wa joho la dalali, kama ng'ombe anavyonunuliwa, mbuzi wote wa kata wakapakiwa kwenye lori lililoleta boti, likaondoka. Siku hiyo hiyo Kasanzu alipewa kofia nyeupe yenye nanga. Jina lake la kazi likawa Nahodha wa Mifugo.

Haikupita muda akaja mtu wa bima, Bwana Mselemu, mtu mpole, mwenye vidole laini, aliyezungumza kama anabembeleza mtoto alale. Aliikuta boti imelala chini ya turubai, kuku wameanza kutagia ndani.

"Bima ni lazima," alisema Bwana Mselemu. "Kata isiyo na bima ya boti, kamati yake inalala ndani. Na bima hailipii boti iliyoko nchi kavu. Boti nchi kavu kwetu ni sanduku."

"Sasa tuiweke wapi?" akauliza Nahodha.

"Majini, ndugu yangu. Boti inakaa wapi?"

Wakatazamana. Visima vya Vumbini ndoo tu ndiyo inayoingia. Mto ulikuwa na punda. Palibaki mahali pamoja penye maji ya kina katika kata nzima, na kabla jua halijazama boti ilikuwa imeshushwa joshoni, vijana wakiikanyaga kwa miguu mpaka ikaingia. Ilienea upana wote. Huku na huku palibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Bwana Mselemu akaitazama inavyoelea, akagonga mhuri.

Kesho yake Bi Minza akafika na Mabaka. Mlangoni pa josho amekaa mgambo na rungu, na nyuma yake Nahodha na kofia.

"Josho limefungwa, mama. Hii sasa ni bandari."

"Mwanangu, ng'ombe wangu ana mimba."

"Hongera. Lakini masharti ya bima hayaruhusu chombo kingine kuingia maji haya."

"Ng'ombe ni chombo?"

"Akiwa majini ni chombo. Kwanza hana jaketi la kuokolea."

Bi Minza akamtazama, asijue acheke au ampige. "Kasanzu. Umesomea ng'ombe miaka yote ile. Kupe wakimwingia huyu, unajua kinachofuata."

Nahodha akashusha sauti. "Najua, mama. Lakini ng'ombe wakifa hakuna anayenifukuza kazi. Boti ikifa nafukuzwa."

Kwa mkweli kama huyo utasema nini? Bi Minza akamgeuza Mabaka akarudi. Kata ya jirani nayo josho lake lilikuwa bandari. Dawa ya kunyunyizia kwa mkono haikuletwa tena, maana fungu la dawa lilinunua rangi ya boti. Basi kila asubuhi, kabla hajanywa hata uji, alikaa kwenye kigoda akamchuma Mabaka kupe, masikioni, chini ya mkia, kwenye kiwele, akiwaponda kati ya kucha mbili. Akiwaponda aliwapa majina ya viongozi. Alianza na wa kata akapanda juu, na kila alipomaliza serikali nzima, kupe walikuwa bado wapo.

Starehe ilikuwa kila Jumamosi, na ilikuwa ya lazima. Viongozi wa kata walivaa majaketi ya rangi ya machungwa, wakaingia, wakaketi magoti yakigusana. Nahodha akawasha mashine. Boti ikaenda mbele hatua chache ikagonga saruji, ikarudishwa nyuma ikagonga saruji, ikaenda tena. Moshi ulijaa humo shimoni, dawa ikawaruka machoni, wakatoka wamevimba kope na ngozi inabanduka. Mtendaji wa kata alipoulizwa anajisikiaje akasema amestarehe mpaka basi. Taarifa ikapelekwa juu. Ikarudi pongezi, na agizo kwamba wastarehe saa ndefu zaidi.

Wananchi walipangwa kusimama pembeni wapunge mikono. Walipunga. Mzee Machibya alipunga kwa mkono mmoja, mwingine ameshika fimbo isiyo na cha kuswaga, maana kundi lake lilikuwa limeanza kukohoa, na asubuhi ile alikuwa ameita mwenye kisu mara mbili.

"Wewe ndiye uliyesema pamenona," Bi Minza akamwambia.

"Nilisema," akajibu Mzee Machibya. "Na sasa anayenona ni fisi."

Bi Minza akajuta kumchoma. Kabla ya mavuno Mzee Machibya alibaki na zizi na miiba yake. Wengine walibakiwa na mmoja, wawili. Kwa Bi Minza, Mabaka alikuwa bado anakula. Lakini Jumatatu moja Bi Minza akampapasa nyuma ya sikio, akasikia tezi. Ndogo, kama punje ya kunde. Akakaa chini pale pale zizini, mkono ukiwa bado sikioni mwa ng'ombe.

Wiki ile ile ikaja habari kwamba Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Starehe anakuja Vumbini kupanda boti na kupigwa picha. Barabara ikafagiliwa. Mizoga ikazikwa. Nahodha akaona maji ya josho meusi, hayapendezi pichani, akaenda mpaka mkoani akapata dawa ya ng'ombe, makopo na makopo, akaimwaga yote. Maji yakawa meupe kama maziwa. Bi Minza alisimama nje ya uzio akaitazama dawa ile ikimwagwa kwa ajili ya picha. Kisha akaondoka. Hakulala kitandani siku hiyo, alilala zizini.

Siku ya mgeni bendi ilipiga, watoto wakaimba, na Mheshimiwa akateremka, mtu mzito, mwenye kitambi kilichomtangulia kama mlinzi. Alihutubia. Alisema zamani mwananchi wa Vumbini alilitazama josho akaona uchafu wa ng'ombe, leo analitazama anaona upeo wa macho. Alisema bado kidogo tutakuwa na wimbi. Kisha akauliza, kama wanavyouliza wakubwa wasiotaka kujibiwa, "Kuna mwenye neno?"

Bi Minza akanyanyua mkono. Nahodha akatikisa kichwa, lakini Mheshimiwa alikuwa amekwishamwona, na wapiga picha wakapenda kanga yake.

"Mimi ni mtu wa darasa la tatu, Mheshimiwa," alisema Bi Minza, kwa sauti ya upole kabisa. "Neno langu dogo. Mwaka juzi Wizara yako ilimkamata ng'ombe wangu, ikakaa naye, kwa sababu hana chapa. Tukaambiwa kila mali iliyo chini ya Wizara, hai au isiyo hai, isiyopigwa chapa ya moto kwenye paja la kushoto, ni ya wizi. Sasa nikaitazama boti hii mbele, nikaitazama nyuma. Sijaiona chapa. Nikasema, jamani, Mheshimiwa asije akapandishwa mali ya wizi mbele ya kamera."

Mheshimiwa akamgeukia Dakta Beneza. "Ni kweli?"

"Sheria iko hivyo, Mheshimiwa," akasema Dakta, jasho linamtoka.

"Kwa nini haijapigwa?"

Ganda la boti ile lilikuwa la plastiki. Hakuna mtu pale, mkubwa kwa mdogo, ambaye hajawahi kuona ndoo ya plastiki iliyosogezwa jikoni. Dakta alijua. Nahodha alijua. Bwana Mselemu wa bima alijua mpaka akafumba macho. Lakini kumwambia Waziri kwamba sheria ya Waziri haifai kwa boti ya Waziri ni kazi ya mtu mwenye kazi nyingine.

"Ilikuwa inakusubiri wewe, Mheshimiwa," akasema Nahodha.

"Ndiyo maana nawapenda. Leteni moto. Nitakuwa nimekaa ndani, picha iwe nzuri."

Mheshimiwa akavikwa jaketi, likagoma kufunga tumboni, likaachwa wazi. Akashushwa botini. Chuma cha chapa kikapikwa kwenye makaa mpaka kikawa chekundu kama pilipili. Nahodha akalala kifudifudi ukingoni mwa josho, akaingiza mkono kwenye ile nafasi ya kiganja, akatafuta paja la kushoto la boti, na kwa bahati mbaya, au tuseme kwa uzoefu wake na ng'ombe, akachagua palipo laini.

Chuma hakikugonga. Kiliingia tu, kama kisu kwenye ugali wa moto. Moshi mweusi ukapanda, harufu ikawafukuza bendi, na maji meupe yakaanza kububujika ndani kwenye viatu vya Mheshimiwa.

"Hii ni sehemu ya shughuli?" Mheshimiwa akauliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa," akajibu Dakta Beneza.

Boti ikakalia mkia. Mheshimiwa akateleza kwa heshima zake zote, akaingia upande ule ule wanaoingilia ng'ombe, akazama mpaka kofia. Akaibuka akapuliza. Akazama tena. Josho limejengwa hivyo makusudi, anayeingia azame kichwa, dawa ifike masikioni. Kwa mazoea tu, watu wa Vumbini waliokuwa ukingoni wakaanza kumpigia mbinja na kumwelekeza kwa fimbo upande wa kutokea, na Mheshimiwa akaenda, akapanda ile ngazi ya saruji kwa mikono na magoti, akasimama pale ng'ombe wanaposimama kuchuruzika. Hapana aliyecheka. Walimtazama kama wanavyomtazama ng'ombe wa mgeni.

Kikao kikafanyika chini ya turubai, Mheshimiwa amefungwa taulo.

"Bima italipa," akasema Mheshimiwa, meno yakigongana.

Bwana Mselemu akapapasa vidole vyake laini. "Inategemea, Mheshimiwa. Boti ikizama tunalipa, isipokuwa imeungua. Ikiungua tunalipa, isipokuwa ilikuwa majini. Sasa hii nikiandika imezama, nitaulizwa ilizama na nani."

"Unasema mimi nimezama?"

"Sijasema, Mheshimiwa."

"Nani amesema?" Mheshimiwa akazungusha macho. Dakta Beneza akatazama viatu. Nahodha akatazama kofia yake. "Waziri hazami. Na kama Waziri hakuzama, boti itazamaje naye yumo? Andikeni. Hakuna kilichotokea. Boti ipo, inaelea, nimestarehe, nikaogelea kidogo kwa hiari yangu. Na kila Jumamosi viongozi wa kata waendelee kustarehe kama kawaida, waniletee taarifa."

Redio ikasema hivyo hivyo jioni ile, na kwa kuwa redio imesema, ikawa ndivyo.

Bi Minza hakungoja. Kulipopambazuka akaenda mpaka nyumbani kwa Kasanzu, akamkuta anaanua ile kofia kwenye kamba.

"Nahodha mwanangu, mle joshoni kuna kitu kinaziba njia. Ni nini kile?"

"Hakuna kitu, mama. Boti inaelea. Hukusikiliza redio?"

"Nimesikiliza. Basi kile cha chini, si boti."

Kasanzu akafikiri, akatafuta kosa katika maneno yale, asilione. "Si boti."

"Tukitoe?"

"Mtakitoaje kitu ambacho hakipo?"

"Kwa maksai," akasema Bi Minza.

Wakafunga minyororo, maksai wawili waliosalia katika kata nzima wakavuta, na kile ambacho hakikuwepo kikatoka kikikwaruza saruji, kikaachwa vichakani kijiozee. Maji yalibaki meupe, makali, dawa ya mkoa mzima. Asubuhi hiyo hiyo Mabaka akasukumwa wa kwanza, tumbo linamning'inia, akasita, akaruka. Bi Minza hakumsema kwa kumlowesha. Alienda naye nyumbani, akampa magadi, akampapasa lile tezi kila siku, asubuhi na jioni, likawa haliongezeki, kisha likawa linatafutwa, kisha likawa halipo. Ndama akazaliwa jike.

Lakini Jumamosi ni ya starehe. Na kwa kuwa boti ipo na inaelea, viongozi wa Vumbini hufika bila kukosa. Huvaa majaketi yao ya machungwa, hukaa mstari kwenye ukingo wa josho, magoti yakigusana, wakatazama mbele. Nahodha hunguruma kwa mdomo, maana mashine iko vichakani. Hawaruhusiwi kuondoka kabla ya saa, wala kusogea, maana mtu hatoki katikati ya maji.

Na Jumamosi ndiyo siku watu wa Vumbini waliyoichagua kuogeshea.

Wenye ng'ombe ni wachache sasa, lakini hao wachache huja wote. Bi Minza hutangulia na Mabaka. Mzee Machibya naye huja, hana hata mbuzi, akasimama mlangoni kuswaga ng'ombe wa wenziwe, na ndiye anayeswaga kwa nguvu kuliko wote.

"Pisha njia, Nahodha," Bi Minza alisema Jumamosi iliyofuata baada ya ndama kuzaliwa.

"Hatuwezi kupisha, mama. Tuko safarini."

"Basi shikilieni."

Mzee Machibya akamchapa Mabaka moja la nyongani. Mabaka akaruka na uzito wake wote, na maji meupe yakapanda yakawafunika viongozi wote mstari mzima, kuanzia mtendaji mpaka Nahodha. Wakakaa vile vile, dawa ikitiririka kwenye majaketi. Nahodha akajifuta macho kwa kiganja, akatazama mbele kama mtu anayetafuta nchi kavu.

"Bahari imechafuka leo," akasema.

"Na bado," akasema Bi Minza, akamwashiria Mzee Machibya amlete wa pili.